Okot p'Bitek na mbolezi zenye hasira

Okot p'Bitek, mshairi na mtafiti wa Uganda, alifariki Kampala tarehe 20 Julai 1982, muda mfupi baada ya kurudi Makerere kufundisha uandishi wa kubuni. Ukimtaja leo, wengi watakujibu "Lawino", yaani shairi lake refu Song of Lawino, na mazungumzo yataishia hapo. Mimi nafundisha fasihi simulizi, na Okot ninayemhitaji darasani ni yule mtafiti: aliyeandikia tasnifu Oxford kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda, kisha mwaka 1974 akatoa Horn of My Love, mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi pamoja na tafsiri zake.

Chukua mbolezi, yaani nyimbo za maombolezo. Wanafunzi hunijia wamekariri kwamba mbolezi huliwaza wafiwa, basi. Nawapa ile ya Kiacholi kuhusu moto wa mahali paitwapo Layima. Mwimbaji anasema moto umeteketeza kila kitu bondeni. Laiti angefika nyumbani kwa mama yake Kifo, angefunga mwenge wa nyasi ndefu akapateketeze vivyo hivyo. Kuliwaza kuko wapi hapo? Huyu anatangaza vita. Tena kwenye ngoma ya matanga ya Kiacholi wanaume huja na mikuki na ngao. Ukiusoma wimbo huo kimya kimya utaona chuku tu, yaani kutia chumvi, utaitaja tamathali na kwenda zako. Ukijua nani anaimba, ameshika nini na nani anaitikia, unaelewa kwamba wafiwa wamekuja kumkabili adui.

Okot hakuziendea nyimbo hizi kama mgeni mwenye daftari. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi. Hata Uingereza alipelekwa na kandanda: mwaka 1956 alizuru huko na timu ya Uganda, wakicheza pekupeku, akabaki kusoma. Ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, anthropolojia Oxford, ambako aliwapinga waziwazi wahadhiri waliowaita Waafrika washenzi.

Aliamini pia kwamba fasihi ni ya kusherehekewa, si ya kutahiniwa. Hapo tunapishana kidogo, maana ugali wangu unatokana na kusahihisha mitihani hiyo. Ila nimebadilisha swali la mbolezi. Siulizi tena dhamira. Mwanafunzi akienda matangani kwao, namtaka aniandikie nani alianzisha wimbo, waliosimama walikuwa wapi, na wimbo ulikatizwa na nini.