Uvimbe wa titi: uliza haya kabla ya kukubali kupasuliwa

Mwanamke wa Tandahimba au Liwale akiona uvimbe kwenye titi, mjadala nyumbani huwa ni aende wapi: Ligula, Sokoine, Ndanda, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, au apandishwe basi la Dar moja kwa moja? Saratani ya matiti mara nyingi haimalizwi na hospitali moja. Kuna upasuaji, dawa za kemo, mionzi na vidonge vya homoni, na kwa mionzi wagonjwa wa kusini hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar. Chagua hospitali ya kuanzia kwa kuangalia jambo moja: inachukuaje kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, cha kupima.

Njia inayofaa ni sindano nene. Daktari anapiga ganzi, kisha anatoa vipande kadhaa vya nyama, vyembamba kama njiti za kiberiti. Sindano nyembamba hutoa chembechembe tu, na mara nyingi hazitoshi kwa vipimo vyote. Kinyama kiingie kwenye formalini (dawa ya maji ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, na formalini iwe nyingi, takribani mara kumi ya kinyama chenyewe. Kikiwekwa kwenye maji ya dripu au kikaachwa mezani, kinaanza kuoza, na majibu hayaaminiki hata maabara iwe nzuri kiasi gani. Kwa hiyo uliza bila woga: kinyama changu kinawekwa kwenye nini, kinapelekwa maabara ipi, majibu yanarudi lini? Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa awe na majibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni.

Majibu yasiishie kwenye neno "saratani". Yataje aina yake, daraja lake (ukali wa chembe zake), kama ina vipokezi vya homoni (ER na PR), yaani kama homoni huichochea kukua, na kama ina HER2, protini nyingine inayoichochea. Tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi, humsaidia mwenye vipokezi vya homoni. Asiye navyo hakimfai. Bila vipimo hivyo daktari anabahatisha.

Kosa linaloumiza zaidi ni uvimbe kutolewa haraka haraka, kisha ukatupwa. Mgonjwa anafika Dar na kovu, hana karatasi. Hakuna anayejua uvimbe ulikuwa na ukubwa gani wala kama kingo za nyama iliyotolewa zilikuwa safi, bila saratani. Ukiambiwa "tunautoa tu, ni mdogo", omba kipimo kwanza.

Kuhusu upasuaji wenyewe, sema ukweli kuhusu safari. Titi likibakizwa na uvimbe pekee ukatolewa, karibu kila mara mionzi hufuata, kwa kawaida siku 15 hadi 25 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni wiki 3 hadi 5 za kulala Dar. Kama huna pa kufikia, daktari ajue kabla ya kisu. Wengine wakitolewa titi lote hawahitaji mionzi, ingawa wapo wanaoihitaji hata hivyo. Suala la fedha mpelekee afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, na barua ya rufaa uwe nayo mkononi. Tafadhali usisubiri mnada wa korosho. Uvimbe haungoji msimu.

Kemo hutolewa mara nyingi kila baada ya wiki 3. Hospitali nzuri hupima damu kamili kabla ya kila dozi, na moyo kwa EKO (ultrasaundi ya moyo) kabla ya kuanza doksorubisini au trastuzumabu, dawa za saratani zinazoweza kudhuru moyo. Panga kusafiri siku moja au mbili mapema, hasa masika: Mei 2024 mvua zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar.

Kati ya siku ya 7 na 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hushuka sana. Homa ikifika nyuzi 38, usinywe panadoli ukalala. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, onyesha kadi ya matibabu na useme, "Niko kwenye kemo."