Kuunganisha orodha zilizopangwa: makosa yanakojificha

Ukiwa na orodha mbili ambazo tayari zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, huna haja ya kuzimwaga pamoja na kuanza kupanga upya. Weka kielekezi mwanzoni mwa kila orodha, linganisha vipengele viwili vinavyoelekezwa, chukua kilicho kidogo, kisha sogeza kielekezi cha orodha ulikokitoa. Moja ikiisha, mabaki ya nyingine yanaingia kama yalivyo. Kwa orodha zenye vipengele n na m, ulinganisho hauzidi n + m − 1.

```
def unganisha(a, b):
    matokeo = []
    i = j = 0
    while i < len(a) and j < len(b):
        if b[j] < a[i]:
            matokeo.append(b[j])
            j += 1
        else:
            matokeo.append(a[i])
            i += 1
    matokeo.extend(a[i:])
    matokeo.extend(b[j:])
    return matokeo
```

Tazama sharti lililo ndani ya lupu. Vipengele vikilingana, kinachotangulia ni cha `a`. Ukiligeuza likawa `if a[i] < b[j]` na kuchukua cha `a` hapo tu, vinavyolingana vitatoka `b` kwanza, na mpangilio wa awali umevurugika. Ukijaribu kwa namba tupu hutaona kitu, kwa sababu 5 hii na 5 ile hazitofautiani. Jaribu kwa rekodi zenye ufunguo mmoja na maudhui tofauti. Hapo ndipo kosa hujitokeza.

Mistari miwili ya `extend` nayo husahauliwa sana. Lupu husimama orodha moja inapoisha, wakati huo nyingine ina angalau kipengele kimoja kilichobaki. Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe kuhesabu: urefu wa matokeo lazima uwe n + m. Na usitumie `pop(0)` badala ya vielekezi. Katika Python kila `pop(0)` husogeza vipengele vyote vilivyobaki, na kazi nyepesi inageuka kuwa nzito kadiri orodha inavyokua.

Kama `a` ina nafasi tupu mwishoni za kutosha kubeba `b`, unganisha kutoka nyuma: linganisha vilivyo vikubwa zaidi na uandike kuanzia nafasi ya mwisho. Ukianzia mbele utafuta vipengele vya `a` ambavyo hujavisoma. Ukianzia nyuma, sehemu unayoandikia haiwezi kuvifikia. `b` ikiisha, vya `a` vilivyobaki tayari viko mahali pake.

Orodha zikiwa nyingi, usiziunganishe moja baada ya nyingine. Chukua orodha 100 zenye vipengele 10,000 kila moja. Kwa mtindo huo vipengele vya mwanzo vinanakiliwa tena na tena, na jumla ya nakala inapita milioni 50. Ukiziunganisha mbili mbili kwa raundi, raundi 7 zinatosha, yaani nakala zisizozidi milioni 7. Mimi hupendelea muundo wa lundo, ambao kileleni hukaa kidogo kuliko vyote: ndani yake weka kipengele kimoja kutoka kila orodha, pamoja na namba ya orodha. Namba hiyo ni ya lazima. Bila hiyo, thamani mbili zikilingana Python itajaribu kulinganisha kinachofuata, yaani rekodi yenyewe, na kama ni kamusi (`dict`) utapata kosa la `TypeError`.

`heapq.merge`, iliyomo ndani ya Python, hufanya haya yote, tena kwa kusoma kidogo kidogo, hivyo faili kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta si tatizo. Ila orodha zikiwa mbili tu na zinaenea kwenye kumbukumbu, `sorted(a + b)` kwa kawaida huishinda lupu uliyoandika mwenyewe. Ndani yake kuna Timsort, kanuni ya kupanga aliyoiandika Tim Peters mwaka 2002, ambayo hutambua vipande vilivyokwisha kupangwa na kuviunganisha.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni kwamba muunganisho hauhakiki chochote. `heapq.merge` na `sort -m`, amri ya Unix na Linux ya kuunganisha faili, huamini kwamba ulichowapa kimepangwa, tena kwa kanuni moja. Faili moja ikipangwa kwa namba na nyingine kwa maandishi, ambako "10" hutangulia "9", utapata matokeo mabovu bila onyo lolote. Herufi kubwa na ndogo huleta balaa hilohilo; weka `LC_ALL=C`, mpangilio unaoiambia `sort` ilinganishe baiti tupu bila kufuata kanuni za lugha, kote, wakati wa kupanga na wakati wa kuunganisha.

Logi za seva ndizo hatari zaidi. Seva moja ikiandika `2024-05-01T09:00:00+03:00`, saa ya Afrika Mashariki, na nyingine `2024-05-01T06:30:00Z`, ambapo Z ni UTC, yaani saa ya kimataifa, ulinganisho wa maandishi utaitanguliza ya pili, ilhali ya kwanza ilitokea nusu saa kabla. Geuza zote kuwa UTC kwanza.

Kisha kagua kila chanzo kwa `sort -c`, ambayo huangalia tu kama faili imepangwa, au kipitishe kwenye kichujio kinachokumbuka ufunguo uliopita na kusimamisha programu pale unaofuata unapokuwa mdogo, kikitaja jina la faili na namba ya mstari.