Kukoroma si kulala fofofo

Hivi karibuni nilikuwa mgeni katika nyumba moja ambamo mtoto wa miaka minne alikuwa amelala mkekani, kinywa wazi, kichwa amekirudisha nyuma kama anayetafuta kitu darini, na mlio wake ukisikika hadi barazani. Bibi yake akaniambia kwa fahari, "Huyu mwanangu akilala, kalala fofofo. Msikie anavyokoroma." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, nami sikuwa na ujasiri wa kumbishia mwenye nyumba.

Kukoroma ni mlio wa hewa inayopita kwa shida katika njia iliyobana, ikatikisa nyama laini za kaakaa na koo. Maana yake ndiyo hiyo, na ndani yake hamna usingizi mzuri wala mbaya.

Neno lenyewe linajieleza. Koroma, pamoja na wenzake korota na forota, ni vitenzi vinavyoiga sauti. Ukivitamka polepole utasikia koo likikwaruza. (Koroma la mnazi, lililopita udafu lakini halijafika kuwa nazi, ni neno jingine na halituhusu.) Fofofo kwa upande wake ni kielezi cha kutilia mkazo, na hupenda kuandamana na vitenzi viwili, kulala na kufa. Anayelala fofofo na aliyekufa fofofo wanafanana kwa kitu kimoja, nacho ni utulivu: hawajigeuzi, hawaitiki. Hali kadhalika usingizi wa pono, uliopewa jina la samaki wa miambani ambaye usiku hutulia palepale alipo, na baadhi ya aina zake hujifunika kwa utando wa ute mpaka kuche. Sijapata kukutana na mvuvi aliyemsikia pono akikoroma. Lugha, basi, ilikwisha kutenga kina cha usingizi na kelele ya koo; sisi ndio tuliovichanganya, pengine kwa kuwa baba aliyerudi hoi kutoka kazini hukoroma, tukadhani na mtoto naye anakoroma kwa sababu ameshinda akicheza.

Mafua humkoromesha mtoto siku chache, kisha yakapita. Anayekoroma usiku 3 au zaidi kwa wiki bila mafua ana kitu kinachoziba njia, na mara nyingi kitu hicho ni mafindofindo yaliyovimba au zile tezi za nyuma ya pua ambazo wengi huziita nyama za puani, na ambazo daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen alizieleza mwaka 1868. Kati ya miaka 2 na 8 tezi hizo huwa kubwa zikilinganishwa na njia nyembamba ya mtoto. Kimeo husingiziwa tu. Kumpeleka mtoto akakatwe kimeo huziacha tezi palepale zilipo, na juu yake humwongezea hatari ya kuvuja damu na kuoza kidonda.

Tofauti ya pili ni kati ya kukoroma na kukatika pumzi. Tulipokuwa tumekaa, mlio wa yule mtoto ulinyamaza ghafla. Kifua kiliendelea kuhangaika, ngozi ya chini ya mbavu ikivutwa ndani, ila hewa haikupita. Bibi akasema, "Sasa ametulia." Mara mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akajigeuza, mlio ukaanza upya. Kwa mtu mzima, pumzi huhesabiwa kuwa imekatika ikifika sekunde 10. Kwa mtoto inatosha kuruka pumzi 2. Si kila mtoto anayekoroma ana tatizo hili, kwani wenye nalo hukadiriwa kuwa kati ya 1 na 5 katika kila watoto 100, lakini aliye nalo huamshwa na ubongo wake usiku kucha bila mwenyewe kujua. Mtu mzima wa namna hiyo husinzia mchana. Mtoto mara nyingi hufanya kinyume: hatulii, hukasirika upesi, husahau, hukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, na huweza kudumaa, maana homoni ya ukuaji hutoka zaidi katika usingizi mzito ambao yeye huukosa. Shuleni huitwa mtukutu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, ulionyesha kwamba baada ya miezi 7 upumuaji ulirudi kuwa wa kawaida kwa watoto 79 katika kila 100 walioondolewa tezi, na kwa 46 katika kila 100 waliosubiri. Kwa hiyo wapo wanaopona bila kisu, na kazi ya kuwatambua ni ya daktari wa masikio, pua na koo.

Bibi sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwomba tu arekodi kwa simu dakika chache za mlio ule pamoja na ule ukimya wake, na siku akimpeleka mjukuu hospitali asiseme kwamba analala fofofo, bali aseme anakoroma kila usiku, na mara nyingine pumzi hukatika.