Je, Wajua Kwa Nini Chombo cha Mwezini Kilikuwa na Shavu Lililovimba na Fimbo Miguuni?

Tazama picha ya chombo kilichowashusha wanaanga wa Apollo Mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972. Shavu moja limevimba kuliko lingine. Madirisha ya mbele ni pembetatu mbili zilizoinamia chini. Miguu minne imefungwa karatasi ya rangi ya dhahabu, na chini ya mitatu kati yake kuna fimbo ndefu nyembamba. Makisio hayakosekani: fimbo ni za kuvulia samaki wa Mwezini, dhahabu ni zawadi kwa wenyeji watakaokutwa huko, na shavu ndimo ilimofichwa akiba ya vitafunwa. Yanachekesha, lakini majibu ya kweli yana utamu zaidi, kwa sababu kila kilo iliyopelekwa Mwezini iligharimu mafuta mengi ya roketi, na hakuna kipande kilichopata nafasi kwa ajili ya urembo.

Chombo hiki hakikuwahi kuruka penye hewa kikiwa wazi. Roketi ya Saturn V ilipoondoka ardhini, kilikuwa kimekunja miguu na kufunikwa ndani ya koni, kikatolewa baada ya angahewa kuachwa mbali. Pasipo hewa hakuna upepo wa kukata, basi pua iliyochongoka ingekuwa mzigo wa bure. Wahandisi wa kampuni ya Grumman waliweka tangi, antena na sanduku la vyombo kila kimoja pale kilipofanya kazi vizuri, na sura ikatokea yenyewe.

Shavu ni hesabu tupu. Injini ya kuwarudisha wanaanga kutoka Mwezini ilitumia vimiminika viwili, mafuta na kioksidishaji, na kila kilo 1 ya mafuta ilihitaji takriban kilo 1.6 za kioksidishaji. Ili kupunguza uzito, kila kimiminika kiliwekwa katika tangi moja tu, moja upande huu na jingine upande ule. Matangi hayo yangekaa umbali sawa kutoka katikati, upande wa kioksidishaji ungelemea na chombo kingepinduka mara injini inapowaka. Watoto wawili wakipanda ubao wa pembea, mwepesi husogea nje na mzito hukaribia katikati; ndivyo tangi la mafuta lilivyosukumwa nje hadi likafanya uvimbe. Na kwa kuwa vimiminika vyote viwili hupungua kwa uwiano uleule, mizani haikuharibika injini ilipoendelea kunywa.

Madirisha yana kisa chake. Michoro ya kwanza ilikuwa na viti, na mbele yake vioo vikubwa vilivyopinda kama vya helikopta. Kioo ni kizito, na mtu aliyeketi hukaa mbali na dirisha, hivyo huhitaji kioo kikubwa ili aone chini. Suluhisho likawa kuondoa viti kabisa! Uvutano wa Mwezi ni sehemu moja ya sita tu ya ule wa Dunia, na magoti ya mtu yanatosha kupokea mshtuko wa kutua. Rubani alisimama, akafungwa kwa mikanda na kamba kiunoni asielee, na uso wake ukawa karibu kugusa kioo. Dirisha dogo la pembetatu lililoelekezwa chini likampa upeo mpana kuliko vioo vikubwa vya mwanzo.

Dirisha la kamanda lilikuwa na jambo la ziada ambalo ni rahisi kulidhania mikwaruzo: mistari yenye namba, iliyochorwa mara mbili, kwenye kioo cha ndani na cha nje. Kamanda alisogeza kichwa mpaka michoro miwili ilipolaliana. Hapo jicho lake lilikuwa mahali sahihi. Mwenzake alimsomea namba kutoka kwenye kompyuta, naye akatazama kupitia namba hiyohiyo kiooni. Alichokiona nyuma yake ndipo kompyuta ilipokusudia kutua. Kama hapakumpendeza, alisukuma mpini kidogo na shabaha ikahama. Neil Armstrong aliona kwa dirisha hilo kwamba Apollo 11 ilikuwa inaelekea kwenye kreta yenye mawe makubwa, akashika usukani mwenyewe na kuivuka.

Sasa zile fimbo. Kila moja ilikuwa na urefu wa takriban mita 1.7, na kazi yake ilikuwa kugusa udongo kabla ya miguu. Fimbo moja yoyote ikigusa, taa ya buluu huwaka mbele ya wanaanga, na kamanda huzima injini. Chombo humalizia kipande kilichobaki kwa kudondoka taratibu. Kwa nini wasizime miguu ikishakanyaga? Kwa sababu mdomo wa injini uko chini kabisa, na moto unaotoka ukikosa pa kwenda kati ya mdomo na ardhi, shinikizo hurudi juu na linaweza kuharibu injini au kukiyumbisha chombo. Hatari hiyo haikuwa ya kubuni: mdomo wa injini ya Apollo 15, uliokuwa umerefushwa, ulibonyea mwaka 1971 chombo kilipotua ukingoni mwa kreta.

Kwa nini basi fimbo tatu na miguu minne? Mguu wa mbele ndio uliobeba ngazi. Ilihofiwa kwamba fimbo ikipinda wakati wa kutua inaweza kusimama wima kama mkuki palepale mwanaanga anapoteremka, ikatoboa suti yake. Kuanzia Apollo 11 ikaondolewa.

Sahani za miguu zilikuwa na kipenyo cha sentimita 94, kubwa kupita mahitaji. Zilichorwa wakati baadhi ya wanasayansi wakihofia kwamba Mwezi umefunikwa na vumbi jingi la kumeza chombo kizima. Surveyor 1, chombo kisicho na watu, ilitua huko Juni 1966 bila kuzama, hofu ikapungua, sahani zikabaki.

Na ile dhahabu si dhahabu. Ni plastiki iitwayo Kapton, ambayo kwa asili ina rangi ya kahawia iliyokolea njano, na nyuma yake imepakwa utando mwembamba mno wa alumini. Alumini ikiakisi mwanga kupitia plastiki hiyo, jicho huona dhahabu. Tabaka nyingi zilipangwa moja juu ya nyingine kuzuia joto la Jua lisiingie na joto la ndani lisitoroke. Mikunjo inayofanya zionekane kama zimefungwa kwa haraka ni ya makusudi: tabaka zikilala sawasawa hugusana kote, na joto hupita kwa mguso. Zikikunjwa, hugusana kwenye nukta chache tu.

Tuhamie Mirihi, maana huko kuna matundu yanayostahili kuangaliwa. Gari la Curiosity, lililotua Agosti 2012, lina magurudumu sita ya alumini yenye kipenyo cha sentimita 50, na kila gurudumu limekatwa matundu ya mraba na ya mstatili. Yakikanyaga mchanga huacha alama za nukta na mistari, ambazo katika msimbo wa Morse husomeka JPL, kifupi cha jina la maabara iliyolitengeneza. Utani huo una kazi. Gurudumu likizunguka mara moja bila kuteleza, alama inapaswa kujirudia baada ya takriban mita 1.57. Kamera ikiona alama zimesongamana kuliko hapo, gari linateleza na linapaswa kusimama kabla halijajizika. Spirit, gari lililotangulia, lilinasa mchangani mwaka 2009 na halikutoka tena. Curiosity ina matundu mengine pia ambayo hakuna aliyeyapanga: ngozi ya gurudumu ina unene wa milimita 0.75 tu, na mawe yenye ncha yameichana.

Ndani ya vyombo nako kuna vituko. Kwenye Soyuz ya Urusi utaona mdoli mdogo ananing'inia kwa uzi mbele ya wanaanga. Ni hirizi, lakini pia ni kipimo: injini ikisukuma, uzi hukazika, injini ikizimwa, mdoli huelea, na kila mtu anajua wamefika penye hali ya kutokuwa na uzito. Kamanda wa Soyuz hushika fimbo fupi, nayo ni ya kubonyezea vitufe, kwa kuwa amefungwa kwa nguvu ndani ya kiti kilichochongwa kufuata mgongo wake na mkono haufiki kwenye paneli.

Swichi za Apollo zilizungukwa na vikingio vya chuma, vinavyofanana na vishikio vya mlango wa kabati. Mtu anayeelea hugonga kila kitu kwa kiwiko, na swichi iliyogongwa inaweza kuzima mtambo muhimu. Lakini si kila kitufe kilikingwa. Ndani ya chombo cha Apollo 11 kichwa cha kikata umeme kilivunjika, kile kinachohitajika ili kuandaa injini ya kuondoka Mwezini. Buzz Aldrin, mwenzake Armstrong, alikisukuma ndani kwa kalamu ya wino yenye ncha ya kitambaa, kwa sababu palikuwa na umeme na hakutaka kutia kidole.