Fundi asingoje jiwe, chokaa ingojwe

Kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za mawe hapa Lamu. Wenye nyumba, hasa wanaoishi Nairobi au ng'ambo, huniuliza swali lile lile: "Utakuwepo kutwa kuwaangalia?" Huwajibu kwamba nitakuwepo, ila si kwa kuangalia. Fundi aliyefundishwa kazi na babake hahitaji macho yangu mgongoni. Anahitaji mawe, chokaa, maji na boriti, na vyote viwe vimefika kabla hajapanda ngazi. Ndiyo maana saa zangu nyingi hupitia nje ya hiyo nyumba.

Tuanze na mawe. Mengi hutoka Maweni, kisiwani Manda, ambako watu huyachimba na kuyachonga kwa mkono. Yanapakiwa mashuani, na mashua haiwezi kukaribia ukingo wetu mpaka maji yajae. Maji nayo hayafuati saa ya ukutani; kila siku hujaa yamechelewa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa hivyo mpango wa Jumatatu hauwezi kuwa wa Alhamisi. Yakishashushwa ni zamu ya punda. Mji wa kale ni vichochoro tupu, na vingine punda wawili wenye mizigo hawapishani. Mwenye punda hulipwa kwa safari, kwa hivyo naye hataki kukuta Usita wa Mui, njia kuu ya mji, umejaa watoto wanaotoka madrasa. Usiku nampigia nahodha, kisha mwenye punda, kisha kijana wa kupokea mzigo mlangoni. Simu hizo tatu zikienda sawa, kesho yake sina la kumwambia mtu zaidi ya "Sabalkheri".

Zisipoenda sawa, mafundi wanakaa. Ugomvi mwingi niliouona kazini haukuanzia kwenye pesa, ulianzia hapo. Mtu mwenye mwiko mkononi hana nafasi ya kuhesabu nani alichelewa juzi, nani alipewa nauli na nani hakupewa. Akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu saa mbili hadi saa nne, atayahesabu yote, na atakuwa na haki. Muda wake ni mali, na mimi ndiye niliyeupoteza.

Chokaa ni habari nyingine. Hiyo lazima ingojwe, na hapa ndipo wenye nyumba hunichoka. Magogo hupangwa duara, vipande vya matumbawe huwekwa juu, moto unawashwa, na joto likifika kiasi cha nyuzi 900 jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake. Kinachobaki, ukikitia maji, kinachemka chenyewe bila jiko. Baada ya kuzimwa inafaa ilale. Chokaa iliyolala muda mrefu hulainika na hushika vizuri. Ukishaipaka ukutani, inaanza kuvuta tena ile hewa iliyopoteza motoni, polepole, ndipo inarudi kuwa jiwe. Pako jembamba juu ya pako jembamba, na katikati siku kadhaa za kungoja. Wakati wa kaskazi upepo mkavu hunyonya unyevu upesi mno, kwa hivyo tunatundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta. Mvua za masika zikianza, kuta za nje hatuzigusi.

Sasa hapa kuna jambo la usimamizi ambalo watu hulichukulia kama jambo la uhasibu. Ukimlipa mpiga plasta kwa kandarasi, yaani pesa kadhaa ukuta ukiisha, umemwambia kwa lugha ya pesa kwamba kungoja ni hasara yake. Na yeye ana watoto. Siku moja utakuta rangi ya mchanganyiko imegeuka kijivu kidogo, maana kuna kikombe cha saruji ndani. Saruji hushika upesi, na ukuta unaonekana mzuri picha ikipigwa. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua. Unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, chumvi inaganda, inasukuma, na baada ya miaka michache plasta inabanduka vipande vikubwa na jiwe la nyuma linasagika. Kumfokea fundi hakusaidii. Kilichomfanya atie saruji ni mkataba, si tabia yake. Plasta nalipa kwa siku. Kubeba na kuvunja nalipa kwa kandarasi, kwa kuwa huko haraka haiharibu kitu.

Siku za kungoja chokaa ndizo ninazopangia kazi nyingine: kuchagua boriti, kusafisha mlango, kupiga msasa, kurekebisha choo. Boriti zinataka jicho. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, na upana wake haufiki mbali zaidi ya mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua kipimo hicho tangu mwanzo. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini, mikoko nayo ikaingia humo, na tukajifunza kuitunza kila boriti kuukuu iliyokuwa bado na nguvu. Tabia hiyo imebaki, na sioni ubaya wake. Isitoshe, mji huu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Si kila kitu kinachochomoka dari hutupwa.

Fundi wa zidaka, yale matundu ya urembo ukutani, na nakshi simgusi. Plasta ya nakshi huchongwa ingali mbichi, na mwanya huo ukipita haurudi. Akiwa kazini hata simu yake hushikwa na mtu mwingine, na mwenye nyumba akija na wageni wake nawashika mlangoni, nawaonyesha daka, yaani ukumbi wa mlangoni, nawapa maji. Ikibidi nawasimulia habari za babu zao mpaka wachoke.

Kuna kukosoa pia, maana hakuna kazi bila kukosoa. Kanuni yangu ni kwamba fundi hakosolewi mbele ya kibarua wake. Katika nyumba ya Lamu hata kunong'ona ni taabu. Sauti inapanda kiwandani, yaani ua wa ndani, inatokea darini, na jirani aliyekaa barazani ameshasikia. Kwa hivyo namwambia, "Ami, nisindikize pwani tukaangalie mashua." Mashua huenda haipo. Yeye anajua, mimi najua. Tukifika ukingoni nimeshasema, naye ameshajibu, na mara nyingi jibu lake lina maana kuliko lawama yangu: mchanga ulioletwa ulikuwa na chumvi, au kipimo cha mbao kilikosewa dukani.

Timu yangu ni mchanganyiko. Kuna Waamu, Wabajuni, Wagiriama, na Waluo kutoka Maweni. Ijumaa Waislamu hufunga kazi mapema, Jumapili Wakristo wako kanisani, na kwa kuwa ukuta unaokauka unataka kuloweshwa kila siku, hilo hunifaa sana: daima pana mtu wa kunyunyizia. Ramadhani tunaanza mara baada ya alfajiri na saa sita tunaweka vifaa chini. Wasiofunga hula chumba cha nyuma, mlango ukiwa umerudishwa. Sikuwahi kutunga sheria hiyo. Waliipanga wenyewe, na mimi nina akili ya kutosha kutoigusa.

Kisha kuna kahawa. Saa kumi hivi muuzaji hupita na dele lake akigonga vikombe, na kazi inasimama. Kahawa chungu yenye tangawizi, kipande cha haluwa kama kuna mtu aliyepata mtoto au aliyelipwa deni, miguu imenyooshwa barazani. Kwangu hicho ndicho kitamu kikubwa cha siku, na nakiri nakipenda kuliko kuona ukuta umekamilika. Hapo hakuna anayeulizwa kitu, ndiyo maana kila kitu kinasemwa. Nasikia kwamba tanga la mashua ya nahodha limechanika, kwamba punda mmoja anachechemea, kwamba kibarua fulani mama yake amelazwa na kesho hatafika ingawa hajapata uso wa kuniambia. Kikombe cha pili kikiisha, simu za usiku nimeshazipanga kichwani. Jioni wengine hushuka Mkunguni kucheza keramu mbele ya Ngome, na huko mimi huenda kama mshabiki tu. Nikicheza hunipiga bila huruma, wakubwa kwa wadogo.

Mwenye nyumba mmoja, mtu mzuri na mwenye hesabu kali, aliniuliza kwa nini kila wiki kwenye orodha ya matumizi kuna fungu la kahawa. Alitaka niliondoe au nilipe jina lingine, kama "mengineyo". Nimeliacha vile vile, "kahawa", kati ya misumari na magunia.