Kwa nini mshindi wa tenda ya serikali Kenya hasaini mkataba siku hiyo hiyo?

Hospitali ya kaunti inataka mashine za eksirei. Kampuni zimeshindana, mshindi kapatikana, wagonjwa wanasubiri. Hata hivyo, mkataba ukisainiwa kabla ya siku 14 kupita tangu wazabuni waarifiwe matokeo, kifungu cha 135 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kimevunjwa.

Siku hizo ni za walioshindwa. Kila mmoja anapaswa kupata barua inayomtaja mshindi na kumweleza kwa nini yeye ameachwa, na mara nyingi sababu haihusu mashine hata kidogo. Kurasa hazikupewa nambari mfululizo. Dhamana ya benki, yaani ahadi ya benki inayoambatana na zabuni, inaisha siku chache kabla ya tarehe iliyotakiwa. Fomu moja haina sahihi. Mtu ana mashine nzuri kwa bei nafuu, lakini kaondolewa hatua ya kwanza na bei yake haikufika hata kulinganishwa na ya wenzake.

Ugomvi huanzia hapo. Kifungu cha 79 kinasema kasoro ndogo isiyogusa kiini cha zabuni haitoshi kumtupa mtu nje. Ndogo kiasi gani? Mzabuni atakwambia nambari za kurasa hazipigi picha ya mapafu. Kamati ya tathmini itajibu kwamba sharti ni sharti. Mimi huihurumia kamati: ikimsamehe huyu, waliotimiza kila kitu ndio watakaolalamika.

Mwamuzi ni Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma. Ombi la kupinga matokeo likifika ndani ya siku hizo 14, ununuzi huo wote husimama, na bodi ina siku 21 za kuamua. Inaweza kufuta ushindi, kuamuru tathmini irudiwe, au tenda ianze upya. Asiyeridhika hupewa siku 14 nyingine kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45. Mahakama ikipitisha muda huo bila kuamua, neno la bodi ndilo la mwisho.

Mkataba ukishasainiwa kwa kufuata sheria, bodi haina tena uwezo wa kuugusa. Kwa hiyo mawakili wengi wa kesi hizi huanza na tarehe ya barua ya matokeo. Ubora wa mashine utazungumzwa baadaye.