Haniwa haikuzikwa na maiti

Sanamu ya udongo ya Kijapani ikifika mnadani, maelezo yake huwa yaleyale: "haniwa, sanamu iliyozikwa pamoja na marehemu." Ya makaburini ni kweli. Kuzikwa, hapana.

Kwa ufupi, haniwa ni vitu vya udongo wa kuchoma, bila glezi (ule mpako unaong'aa kama kioo), walivyofinyanga Wajapani wa zama za Kofun, karne ya 3 hadi ya 6, kwa ajili ya makaburi ya wakubwa wao. Kaburi lilikuwa kilima cha kujengwa. Lile la Daisen, mjini Sakai, lina urefu wa mita 486 hivi. Haniwa zilipangwa juu ya kilima na kukizunguka, peupe. Marehemu alilala ndani na vioo vyake vya shaba, panga na shanga. Hivyo ndivyo vilivyozikwa naye.

Nadhani mkanganyiko unatoka China. Askari wa udongo wa Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, kule Xi'an, kweli walifukiwa ardhini, basi watu huichukua habari yao na kuivisha Japani nzima nzima.

Halafu kuna hadithi. Nihon Shoki, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 720, kinasimulia kwamba ndugu wa Mfalme Suinin alizikwa pamoja na watumishi wake wakiwa hai, na vilio vyao vikasikika kwa siku kadhaa. Malkia alipofariki baadaye, mtumishi wa mfalme, Nomi no Sukune, akashauri wafinyangwe watu wa udongo wakae badala ya watu wa damu. Hadithi tamu, na wauzaji wanaipenda mno. Lakini ingekuwa kweli, haniwa za kwanza zingekuwa watu. Sivyo. Za kwanza ni mabomba matupu, na jina lenyewe lasema hivyo: hani ni udongo, wa ni duara. Asili yake ni vigoda vya kuwekea mitungi kwenye makaburi ya Kibi, Okayama ya leo. Baadaye mabomba hayo yakapangwa kama ua kuzunguka kilima, zikafuata sanamu za nyumba, ngao na ndege. Watu na farasi walikuja karne ya 5, miaka zaidi ya 100 baada ya mabomba. Na hata wakati huo mabomba ndiyo yaliyokuwa mengi, ingawa hakuna anayeyapigia picha.

Mtazame askari mwenye deraya aliyepatikana Ota, Gunma, ambaye sasa yuko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Ana urefu wa sentimita 130.5, kila fundo la kamba za deraya limefinyangwa. Shuka miguuni: amesimama juu ya bomba. Bomba ndilo lililochomekwa udongoni ili asianguke. Anayelala ndani ya kaburi hahitaji kuchomekwa.

Kukaa kwao nje ndiko kulikowavunja, kwa mvua na mizizi ya miti, ndiyo maana haniwa nyingi zilizo kabatini leo zimeungwa vipande na kujazwa plasta. Isiyo na ufa hata mmoja inatia shaka kuliko iliyoungwa.

Kwa hiyo ukiandika kadi ya maelezo, futa "iliyozikwa na marehemu" uweke "iliyosimama juu ya kaburi". Bei haitashuka.